Kabla Hamjanunua Betri za Pampu: Ushauri kwa Wasimamizi wa Maji Simiyu

Umeme ukikatika Bariadi mjini asubuhi, mwenye saluni hukaa kibarazani kusubiri, mwenye duka huwasha jenereta yake ndogo, na siku huenda. Pampu ya maji haina subira ya namna hiyo. Kila saa inayolala, kuna maji ambayo hayakupanda kwenye tenki. Ikifika jioni, foleni ya ndoo kwenye kilula imerefuka hadi barabarani, na mama aliyekuja na watoto wawili anaamua kwenda kufukua mchanga wa mtoni, kama mama yake alivyofanya. Maji ya huko hayajatibiwa na mtu. Mkoa wetu ulipatwa na mlipuko wa kipindupindu mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya familia kurudi kwenye maji ya mtoni.

Miezi hiyo hiyo nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi Februari 2024. Mgao ulipungua, lakini kukatika kwa umeme hakukuisha. Bwawa linazalisha umeme. Nguzo iliyoangushwa na upepo kati ya Maswa na Bariadi, au transfoma iliyopigwa na radi huko Meatu, hiyo ni shida nyingine. Ndiyo maana kamati nyingi za maji, shule, vituo vya afya na hata mamlaka za miji sasa zinaulizia betri. Wauzaji nao wanafika na vipeperushi vyao, na bei za betri za lithiamu zimeshuka sana duniani: kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa bei ya kiwandani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila uniti moja ya umeme inayohifadhiwa, wakati miaka kumi na minne kabla ya hapo ilizidi dola 1,000.

Makala hii ni kwa ajili yenu mnaoketi kwenye vikao hivyo: wajumbe wa vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, madiwani, mafundi wa pampu, wakuu wa shule na wahasibu wa mamlaka ndogo. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata ni kuufafanua: hifadhini maji kwanza, umeme baadaye. Betri inunuliwe kwa kazi ambayo tenki haliwezi kuifanya.

Andikeni kabla ya kununua

Hatua ya kwanza inagharimu daftari moja na kalamu. Kwa miezi mitatu, mlinzi au mwendesha pampu aandike kila siku mambo manne: saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, kimo cha maji kwenye tenki wakati huo, na kama fezi zote tatu zilikuwepo. Hilo la fezi lisidharauliwe.

Mkishapata kurasa hizo, yagaweni makatizo katika makundi matatu. Kuna ya muda mfupi, dakika chache hadi saa moja. Kuna ya saa kadhaa, labda saa mbili hadi nane. Na kuna yale ya siku nzima au zaidi, transfoma ikiungua au nguzo zikianguka wakati wa mvua. Kila kundi lina dawa yake. La kwanza mara nyingi halihitaji dawa kabisa kama tenki linatosha. La pili ndilo uwanja wa betri na sola. La tatu, betri ya bei ambayo kijiji kinaweza kumudu haitalifikia. Hapo jenereta, iwe yenu au ya kukodi, bado ina nafasi.

Daftari hilo litawaonyesha jambo jingine pia: si kila siku isiyo na maji ni siku isiyo na umeme. Siku nyingine LUKU ilikwisha uniti kwa sababu makusanyo ya vilula hayakufika kwa mhasibu. Siku nyingine fezi moja ilipotea, mota ikaendelea kuvuta kwa fezi mbili hadi ikaungua, na kijiji kikakaa wiki tatu bila maji kikingoja mota mpya. Ugonjwa huo hautibiwi na betri. Unatibiwa na kifaa kidogo cha kulinda fezi na volti, chenye bei ndogo sana ukilinganisha na mota, pamoja na kipima muda kinachochelewesha pampu dakika tano hivi baada ya umeme kurudi, hadi volti itulie. Kama kituo chenu hakina vitu hivyo viwili, anzieni hapo, hata kama hamtanunua betri kamwe.

Hesabu ambayo kila kamati inapaswa kuiweza

Msimwachie muuzaji hesabu hii. Chukueni ujazo wa maji kwa mita za ujazo (mita moja ya ujazo ni lita 1,000), zidisheni kwa kimo ambacho maji yanapandishwa kwa mita, gawanyeni kwa 367, kisha gawanyeni tena kwa ufanisi wa pampu na mota kwa pamoja. Jibu ni uniti za umeme. Kimo kihesabiwe kuanzia usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, hadi mdomo wa tenki, na kiongezewe kidogo kwa msuguano wa bomba. Kwa pampu ya kawaida ya kisima kirefu, ufanisi wa asilimia 45 ni makadirio ya busara. Pampu nzuri hupita hapo, iliyochakaa hushuka.

Tuchukue kijiji cha watu 4,000. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Hiyo ni lita 100,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 100. Tuseme kimo chote ni mita 80. Mia moja mara themanini, gawanya kwa 367, gawanya kwa 0.45: inakuja kama uniti 48 kwa siku. Kwa bei ya TANESCO ya daraja la T1, shilingi 292 kwa uniti, bila kodi na tozo, hizo ni kama shilingi 14,000 kwa siku. Zigawe kwa ndoo 5,000 za lita 20, umeme wa kupandishia ndoo moja haufiki shilingi tatu.

Sasa tumieni dizeli. Jenereta ya ukubwa huo hunywa karibu lita 0.4 kwa uniti moja. Kwa dizeli ya shilingi 3,000 kwa lita, uniti 48 zinakula kama shilingi 58,000, na ndoo ile ile inafika karibu shilingi 12, kabla hujagusa oili, filta na fundi. Shikeni tofauti hiyo kati ya tatu na kumi na mbili, tutairudia.

Tenki ni akiba ya umeme

Pampu ya kijiji hicho, ikitoa mita za ujazo 15 kwa saa, inahitaji chini kidogo ya saa saba kumaliza kazi ya siku, na inavuta kama kilowati 7.3. Daftari likionyesha kwamba umeme hukatika kwa saa nne hivi mara kwa mara, pengo lenu ni mita za ujazo 60. Kuna njia mbili za kuliziba.

Ya kwanza ni betri. Saa nne mara kilowati 7.3 ni uniti 29 zinazopaswa kufika kwenye mota. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti huruhusu kutumia kama asilimia 90 ya chaji yake, na inveta hupoteza kidogo njiani; kwa hiyo mnahitaji betri ya uniti 35, yaani moduli saba za volti 51.2 na ampea-saa 100. Mkichagua betri za asidi, ambazo hazipendi kushushwa chini ya nusu, mtahitaji uniti 63. Hizo ni betri 28 za volti 12 na ampea-saa 200, zikipangwa nne nne. Ongezeni inveta ya fezi tatu, chumba, nyaya na fundi.

Ya pili ni lita 60,000 za ziada za kuhifadhi maji, ambazo pampu itazijaza saa ambazo umeme upo. Matenki sita ya plastiki ya lita 10,000 yanabeba ujazo huo huo. Maji yaliyokwisha kupanda juu yamekwisha kutumia umeme wa kuyapandisha, na yatashuka kwenye vilula bila inveta, bila programu na bila fundi kutoka Mwanza. Tenki la zege lililojengwa vizuri hudumu miaka mingi kuliko betri yoyote mnayoweza kununua leo.

Simiyu ina neema katika jambo hili. Vijiji vingi vina kilima cha mawe karibu, na tenki likikaa juu ya kilima hamjengi mnara. Palipo tambarare, kama sehemu nyingi za Itilima na Meatu, mnara unapandisha gharama, na hapo ulinganisho na betri unabana zaidi. Fanyeni hesabu zote mbili.

Kuna masharti matatu. Tenki kubwa halisaidii kama kisima hakina maji ya kutosha kulijaza kwa saa zilizobaki. Katika miamba yetu visima vingi hutoa kidogo, na pampu ikilazimishwa itavuta hewa. Kwa hiyo ombeni kwanza kuona matokeo ya majaribio ya kisima. Halikadhalika, maji yakikaa muda mrefu klorini hupungua nguvu. Mpimaji ahakikishe inayobaki kwenye kilula cha mwisho haishuki chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Sharti la tatu ni kuziba mivujo. Mtandao unaopoteza ndoo moja katika kila tatu utaipoteza pia ile iliyopandishwa kwa betri mliyoinunua kwa jasho.

Palipo na kazi ya betri

Tenki likishatosha, zinabaki kazi ambazo betri inazimudu kuliko kitu kingine chochote.

Kazi ya kwanza ni ndogo kwa ukubwa na kubwa kwa maana: kutibu maji na kuongoza mitambo. Pampu ndogo ya kudondoshea klorini, taa ya chumba, vihisi vya kimo cha tenki na kifaa cha kutuma taarifa kwa simu vyote pamoja huweza kula wati 60 tu. Kwa saa 12 hiyo haifiki uniti moja. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, yenye paneli yake ndogo, inatosha. Ni aibu kuona kituo chenye mota ya mamilioni kikisambaza maji yasiyotibiwa kwa sababu kifaa cha wati 30 kimezimika. Vilula vya malipo kabla navyo vimo humu, kwa sababu havifunguki bila umeme wake mdogo.

Kazi ya pili ni pale ambapo maji hayawezi kushuka yenyewe: pampu ya kusukuma maji kwenye jengo la hospitali, au kwenye kitongoji kilicho juu kuliko tenki. Wodi ya wazazi haiwezi kungoja umeme. Kwa hospitali kama ya rufaa ya mkoa pale Bariadi, au kituo cha afya cha kata, pampu hiyo huwa ya kilowati moja au mbili, na betri ya uniti tano hadi kumi inaibeba kwa saa nyingi. Ningekuwa kwenye kikao cha bajeti, shilingi ya kwanza ya betri ningeielekeza hapo.

Kazi ya tatu ni kwenye visima vya sola. Jua la Simiyu ni zuri. Mwaka mzima unaweza kutegemea kama saa tano za jua kamili kwa siku. Kijiji chetu cha uniti 48 kinahitaji paneli za kilowati 13 hivi, ukishatoa upotevu wa joto na vumbi. Kwa sola pia, tenki ndilo akiba kuu: jua likiwaka maji yapande, usiku yashuke. Betri ndogo hapo inasaidia pampu isizimike na kuwaka kila wingu linapopita, na kuanza kazi mapema kabla foleni ya alfajiri haijajaa. Anayewauzia betri ya kuendesha pampu nzima ya sola usiku kucha awaeleze kwanza kwa nini tenki halitoshi.

Kazi ya nne ni bei ya kilele. Wateja wakubwa wa TANESCO walio kwenye T2 na T3 hulipa uniti, na juu yake hulipa kwa kila kVA ya kilele cha mwezi. Mamlaka ya maji ya Irvine Ranch huko California ilikubali kufungiwa betri kubwa kwenye vituo vyake ili kupunguza gharama za umeme wa saa za kilele. Kwa mamlaka zetu, kabla ya kufika kwenye betri, jaribuni njia ya bure: pampu mbili zisiwashwe kwa wakati mmoja bila sababu.

Kwenye miradi mikubwa, tahadhari inahitajika. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017 kwa ushirikiano na KfW ya Ujerumani, awamu yake ya kwanza ikilenga Busega, Bariadi na Itilima, unapandisha maji kutoka ziwani kwenda nyanda za juu. Kituo cha kilowati 500, kwa mfano, kikitaka kufanya kazi saa nne kwa betri, kinahitaji moduli kama 470 za ukubwa ule tuliotaja. Kwa mitambo ya namna hiyo jibu la kwanza ni njia mbili za umeme, matenki makubwa njiani, na vyombo vya hewa vya kupoza kishindo cha maji yanayorudi ghafla umeme unapokatika, kishindo kinachopasua mabomba. Betri ibaki kwenye vali, mitambo ya kuongozea na mawasiliano, ili hata giza likiingia kituo kizimike kwa utaratibu.

Joto, mota na mambo yanayoua betri

Ingia kwenye chumba cha pampu chenye paa la bati, saa nane mchana, mwezi wa tisa. Hewa ni nzito, mlango umefungwa kwa hofu ya wezi, na betri zimepangwa sakafuni zikigusana. Kwenye vichwa vyake kumeota unga mweupe wenye kijani, na maji ya betri yameshuka hadi bamba zinaonekana. Aliyezifunga alifanya kazi nzuri. Waliobaki nazo hawakuonyeshwa la kufanya. Betri za asidi zimekadiriwa kuishi kwa nyuzi joto 25. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wake karibu nusu. Chumba cha nyuzi 40 kinaila betri ya miaka minne kabla ya miaka miwili kuisha.

Kwa hiyo bajeti ya betri ianze na chumba: dari chini ya bati, matundu ya hewa juu na chini yenye wavu, kivuli cha upande wa magharibi, na betri juu ya rafu zenye nafasi katikati. Betri za asidi hutoa hewa inayoweza kulipuka zinapochajiwa, kwa hiyo zisikae chumba kimoja na mlinzi anayelala wala karibu na moto. Ziongezwe maji safi ya betri pekee. Maji ya kisima yana chumvi, na katika maeneo ya Meatu na Maswa hata floridi, nayo yataziharibu.

Lithiamu inavumilia zaidi na haihitaji kuongezwa maji. Hufanya mizunguko 3,000 hadi 6,000, wakati ya asidi hufanya mia chache hadi elfu moja hivi ikishushwa nusu. Lakini tulieni kabla ya kulipia mizunguko hiyo. Kama daftari lenu linaonyesha umeme hukatika mara mbili kwa mwezi, mtatumia mizunguko 24 kwa mwaka, na betri itazeeka kwa miaka kabla haijazeeka kwa kazi. Hapo dhamana ya miaka kumi ina maana kuliko namba ya mizunguko.

Jambo linalowashinda wengi ni mota. Mota ya kilowati 7.5 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa sekunde chache. Inveta iliyopimwa kwa kazi ya kawaida itazima papo hapo, na wanakijiji wataambiwa betri ni mbovu. Dawa yake ni kifaa kinachoongeza mwendo wa mota taratibu, ambacho mafundi hukiita VFD. Kinapunguza mshtuko wa umeme, kinapunguza kishindo kwenye bomba, na inveta inaweza kuwa ndogo. Fundi azingatie kwamba mota zilizozama kisimani hazipendi kuzungushwa polepole chini ya hezi 30, kwa sababu beringi zake hulainishwa na mzunguko wenyewe. Swichi ya chenjiova iwe ya kuzuia kabisa umeme wa betri au jenereta kurudi kwenye laini ya TANESCO, kwani fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kupoteza maisha.

Betri, jenereta au vyote viwili?

Turudi kwenye ile tofauti ya shilingi tatu na kumi na mbili. Saa nne za pampu yetu kwa jenereta ni kama lita 12 za dizeli, shilingi 36,000. Ikitokea mara moja kwa mwezi, mwaka mzima ni shilingi 432,000. Hakuna betri ya uniti 35 itakayojilipa kwa akiba hiyo. Tunzeni jenereta, iwasheni dakika chache kila wiki, na fedha zipelekwe kwenye tenki. Ikitokea kila siku, mwaka unakula zaidi ya shilingi milioni 13, na hapo betri, hasa ikichajiwa na sola, inaanza kuwa rahisi kuliko dizeli. Wekeni namba za daftari lenu kwenye hesabu hii, mtajua mko upande gani kabla muuzaji hajafungua begi lake.

Mkiamua kununua, ombeni bei kutoka kwa wauzaji watatu kwa maandishi, zote kwa kazi ile ile: uniti ngapi zitafika kwenye mota, kwa saa ngapi, chumba kikiwa na nyuzi joto 35, baada ya miaka mitano. Bei ya dola 115 niliyoitaja ni ya kiwandani. Inveta, meli, kodi, lori hadi Bariadi na faida ya muuzaji huifanya iwe nyingine kabisa. Ulizeni fundi wa dhamana yuko wapi. Dhamana ya Dar es Salaam isiyo na mtu Mwanza au Bariadi ni wiki mbili za ndoo tupu. Daini betri mpya zenye tarehe ya kutengenezwa, na siku ya makabidhiano izimeni TANESCO kwa makusudi, pampu iendeshwe na betri saa zote zilizoahidiwa mbele ya kamati, ndipo malipo ya mwisho yatoke.

Betri itakufa siku moja, kwa hiyo fedha ya kuibadilisha ianze kukusanywa siku inapofungwa. Gaweni bei yake kwa miaka ya dhamana, kisha mtenge kiasi hicho kila mwaka kwenye akaunti ya mfuko. Kwa wakulima wetu wakati mzuri ni msimu wa pamba, kuanzia Mei, fedha inapokuwa mkononi. Kuidai Februari, watu wakinunua chakula, ni kujitafutia ugomvi. Akiba hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na mapato ya vilula, mbele ya watu wote.

Betri za asidi zilizokufa zina risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Zisivunjwe kijijini kutafuta vipande vya kuuza, wala asidi yake isimwagwe karibu na kisima. Zirudishwe zikiwa nzima kwa mnunuzi anayetambulika, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa mwanzo. Wezi nao wapo: mlango wa chuma, namba za betri ziandikwe kwenye kitabu cha kijiji, na mlinzi alipwe kwa wakati.

Nawasihi ninyi mnaosimamia maji ya Simiyu: msinunue kitu kwa sababu kijiji cha jirani kimenunua, wala msikubali msaada wa betri ambao hamjapewa hesabu yake. Fungueni daftari wiki hii. Fungeni kinga ya fezi mwezi huu. Zibeni mivujo, jazeni tenki, ongezeni tenki. Kisha wekeni betri kwenye klorini, kwenye hospitali na mahali ambapo hesabu zenu wenyewe zimeonyesha inafaa. Kijiji kikifuata mpangilio huo, umeme utakatika na vilula vitaendelea kutoa maji, na hicho ndicho kipimo pekee cha kazi yenu.